Ndugu Kwanza, Mlima Baadaye: Agosti Yetu Marangu, Moshi na Arusha

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Shule zilifungwa Ijumaa. Jumamosi alfajiri tulikuwa stesheni ya Miritini na mabegi yetu. Dada yangu mkubwa aliolewa Marangu, mkoani Kilimanjaro, kabla sijapata mtoto hata mmoja, na wanangu wote watatu walikuwa wakimjua kwa sauti ya simu tu. Mwaka huu baba yao alikubali twende, ila kwa sharti: tusije tukashinda majumbani tukila na kusalimiana mpaka likizo iishe. Alikuwa na orodha kwenye simu yake. Geti la Mlima Kilimanjaro, maporomoko, chemchemi ya Chemka, hifadhi ya wanyama, makumbusho. Mimi sikuwa na orodha. Nilikuwa na halua, mabuyu, doti za leso na salamu za mamangu.

Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituoni, ilitushusha Voi. Kutoka hapo ni matatu hadi Taveta, zaidi ya kilomita 100 za lami inayokata Tsavo Magharibi. Tembo wa huku ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojimwagia, na tulipowaona kando ya barabara upande wa Maktau watoto walipiga mayowe, lakini dereva hakugeuza hata shingo. Kwake walikuwa kama ng'ombe wa jirani. Njiani unaiona pia ile reli kongwe waliyoijenga Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kusogeza majeshi kuelekea mpaka wa Wajerumani. Karibu na Taveta kuna kilima cha Salaita, Waingereza walipopigwa vibaya Februari 1916. Kifungua mimba wangu alikitazama kwa makini, kisha akasema, "Mbona kidogo hivi?"

Mpakani Holili hakuna tena kugonga mihuri upande huu kisha kupanga foleni upande wa pili. Maafisa wa Kenya na wa Tanzania wanakaa jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Vyeti vya homa ya manjano vilitazamwa mapema kabisa, kwa hiyo mwenye watoto asiliache jambo hilo dakika ya mwisho: cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Mfuko wa plastiki wa kubebea mizigo usiwe nao kabisa. Kenya ilishapiga marufuku tangu 2017 na Tanzania ikafuata 2019. Shilingi yetu moja ilikuwa ikibadilishwa kwa kama 19 za Tanzania. Kitinda mimba alipopewa noti ya elfu kumi aishike aliuliza kama sasa tunaweza kununua gari.

Dada alikuwa Himo, penye njia panda ya Marangu, amesimama na furushi la masweta. Hakusalimia kwanza. Alianza kuwavalisha watoto, mmoja mmoja, huku machozi yanamtiririka na anawagombeza kwamba wamekonda. Masweta aliyanunua Kiboriloni, kwenye mitumba, kwa kukisia umri. La kifungua mimba lilimfika magotini. Tulicheka njia nzima ya kupanda, mpaka baridi ilipoanza kuingia dirishani na kila mtu akanyamaza akajikunyata. Agosti ya Kilimanjaro si ya mtu wa Mombasa.

Usiku ule ule yalifunguliwa mashindano ya soka ya CHAN, Tanzania na Burkina Faso uwanja wa Benjamin Mkapa. Tulikuwa hoi, lakini nani angelala? Tanzania ilishinda 2–0 na shemeji akatoka nje kumpigia kelele jirani aliyekuwa tayari anampigia kelele yeye.

Jumapili, 3 Agosti

Baba watoto aliamka akauliza mlima uko wapi. Shemeji akamwonyesha ukungu. "Uko hapo hapo," akasema, "umejifunika tu." Ukaendelea kujifunika kutwa nzima.

Nyumba yao iko ndani ya kihamba, shamba la ukoo, na mgeni haoni kwamba ni shamba mpaka aambiwe. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini zaidi, na mfereji mwembamba wa maji unaopita katikati. Mifereji hii, mifongo, wazee wa Kichaga waliichimba tangu karne nyingi, kuteremsha maji ya mlimani kwa mteremko tu bila pampu, na hadi leo zamu ya maji ina watu wanaoisimamia. Ng'ombe wawili wanaishi bandani na hawatoki. Majani hukatwa tambarare na kuletwa. Watoto wangu walidhani ng'ombe hao wamefungwa kwa kosa fulani.

Makaburi yako hapo hapo uani, yenye vigae, yamezungukwa na mimea ya masale. Niliona wanangu wanasita. Kwetu makaburi yana mahali pake, si nje ya jiko. Binamu zao wakakaa juu ya kaburi la babu wakimenya miwa, na baada ya nusu saa wangu nao wakakaa. Sikusema kitu.

Kisha ndugu wakaanza kuingia. Wakwe, mashemeji, mawifi, mama wadogo, mzee mmoja ambaye hata dada hakuweza kueleza vizuri undugu wake ila alisema, "Huyu ni wetu, msalimieni tu." Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Kila mmoja aliwashika watoto vichwa na kutamka wamefanana na nani. Mbuzi alichinjwa, na walikuwa wamemwita jirani Mwislamu aje kuchinja ili sisi tule bila shaka. Supu ya kisusio, ambayo hutiwa damu, ilipikwa sufuria ya mbali kwa ajili ya wenyewe. Mbege, pombe ya ndizi, vilevile ilizungushwa upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo. Ndiyo adabu niliyoipenda kuliko yote katika safari hii, na dada aliponiona nimeona akanikonyeza.

Mtori uliletwa kwanza: ndizi mbichi zilizochemshwa na mifupa ya nyama kisha zikapondwa hadi ziwe laini. Kitinda mimba alidhani ni uji, akaomba sukari. Bibi mzaa shemeji alicheka hadi akashika ubavu, kisha akaagiza sukari iletwe kweli. Mtoto akaila hivyo hivyo, na nyama juu.

Alasiri wanaume na watoto wote walihamia kibanda umiza cha barabarani kutazama Kenya na Kongo ya Kinshasa. Kenya ilishinda 1–0. Nilisikia kelele kutoka jikoni na nikashangaa ni wengi kiasi gani wanaopigia kelele bao letu.

Jioni bibi aliniita chumbani. Hakuweza kufika Mombasa babangu alipofariki. Alikuwa mgonjwa, na jambo hilo lilikuwa limemkaa moyoni. Alinipa jani la sale limefungwa fundo. Kwa Wachaga, anayekuletea sale anaomba radhi, na aliyeletewa hawezi kukataa. "Mpelekee mamako," akasema. Nililiweka ndani ya pasipoti yangu.

Orodha ya baba watoto: haikuguswa.

Jumatatu, 4 Agosti

Msimu wa kuchuma kahawa ulikuwa umeanza, na shemeji aliwapa watoto vikapu. Kanuni ni moja: chuma nyekundu, acha kijani. Wa katikati, mwenye haraka, alichuma zote. Shemeji alimkalisha chini wakaanza kuchambua punje moja moja, na kazi hiyo ilimfundisha zaidi ya maneno. Baadaye zikapitishwa kwenye mashine ya mkono ya kumenya ganda, zikalowekwa. Zikishaoshwa zitaanikwa juu ya meza za wavu. Kutoka matunda mekundu hadi kikombe ni safari ndefu, na watoto walisikitika kusikia kwamba kahawa waliyochuma wao hawatainywa wiki hii.

Saa nne hivi baba watoto alisimama mlangoni na viatu vyake vya kupandia. Twende.

Tulianza na maporomoko ya Kinukamori, ambayo hayako mbali na soko la Marangu Mtoni. Unashuka ngazi katikati ya miti, unasikia baridi ya maji kabla hujayaona. Pale juu pamewekwa sanamu ya msichana na chui, na kijana anayepokea wageni hukusimulia kisa cha Makinuka: binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujitupa, akabadili nia, akageuka kurudi nyumbani na kumkuta chui nyuma yake. Ni kisa kizito kwa mtoto wa miaka sita. Kijana alikisimulia chote, kwa furaha, na mimi nikawa na kazi ya kujibu maswali mpaka usiku. Chui alikuwa anataka nini? Mama yake alijua? Kwa nini hakumwambia shangazi yake?

Geti la Marangu liko juu zaidi, karibu mita 1,900. Hatukulipia kuingia, tulifika tu penye maegesho, na kwa watoto hiyo ilitosha. Wapagazi walikuwa wanapima mizigo kwenye mizani, maana kila mmoja ana kiwango asichotakiwa kuzidisha, na wageni waliorudi kutoka juu walikuwa wanatembea kama miguu si yao. Kuna bamba la kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Marangu hawamtaji Meyer bila kumtaja Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa hapo hapo anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Shemeji alilitamka jina la Lauwo kwanza, na Meyer baadaye, na nadhani ndivyo ipasavyo.

Kifungua mimba alitaka kujua kwa nini tusipande. Ana miaka 12. Anayetaka kilele lazima awe ametimiza 10, kwa hiyo kwa umri angeweza. Baba yake alimwonyesha bei. Mazungumzo yakaisha.

Tulitakiwa tupitie pia maporomoko ya Ndoro, lakini dada alipiga simu: chakula kiko mezani kwa wifi yake, wanatungoja. Baba watoto alinitazama. Nilitazama miti.

Jumanne, 5 Agosti

Saa kumi na mbili kasoro, dada alitugongea dirisha. "Tokeni, tokeni!" Tulitoka na mablanketi. Kibo ilikuwa imesimama juu ya migomba, nyeupe kwa juu, ya bluu pembeni, na Mawenzi kulia kwake yenye meno meno. Mita 5,895 na mita 5,149, baba watoto aliwaambia wanawe, lakini sidhani kama kuna aliyekuwa anasikiliza. Kitinda mimba aliuliza ile nyeupe ni nini. Barafu, nikamjibu, na inapungua mwaka hadi mwaka. Saa moja na nusu mawingu yalikuwa yamekwisha kuivuta pazia.

Siku nzima iliyobaki ilikuwa ya kuagana, na kuagana Uchagani kunachukua muda kuliko kukaribishwa. Mkungu wa ndizi, parachichi, kahawa ya kukaanga, maharage. Tulifika Moshi jioni tukiwa na mizigo mara mbili ya tuliyokuja nayo.

Jumatano, 6 Agosti

Moshi mjini tulikaa kwa shangazi yake baba watoto, Majengo. Yeye alihamia hapa na marehemu mumewe zamani za biashara ya kahawa, na bado anapika biriani ya Mombasa kana kwamba hajatoka Kibokoni. Watoto walikula kimya kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Sitawalaumu, mtori ni mtamu, ila nyumbani ni nyumbani.

Mji wenyewe ni msafi kuliko nilivyotarajia. Wa katikati alisema hivyo kabla yangu, alipokosa mahali pa kutupa ganda la chungwa akalibeba mfukoni. Tuliona jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioundwa mwaka 1933, tukanywa kahawa pale chini kwenye mkahawa wao. Tulipita pia stesheni ya reli. Njia ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 enzi za Wajerumani, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Desemba 2019 baada ya kutoweka kwa zaidi ya miaka 20. Hakukuwa na treni tulipofika. Kifungua mimba, ambaye kwa treni yuko tayari kukosa chakula, alitembea juu ya mataruma mpaka mlinzi akamwita.

Soko la Mbuyuni sitalieleza. Anayejua soko analijua. Nilinunua viungo na kikapu.

Usiku Tanzania iliifunga Mauritania 1–0. Shangazi alilala kabla ya bao.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya baba watoto, na ilikuwa yake kweli. Dada aliteremka na wanawe wawili, tukapanda gari moja hadi Boma Ng'ombe, kisha tukaiacha lami. Kuanzia hapo ni vumbi, kambi za mkonge kwa mbali, jua ambalo Marangu tulilisahau, mpaka unaanza kuuliza kama dereva ana akili. Halafu unaona kundi la miti ya kijani katikati ya ukame, na chini yake maji.

Kikuletwa wengi huiita Chemka au Maji Moto, ingawa maji si moto. Ni vuguvugu, ya bluu, na unaona mizizi ya mikuyu hadi chini kabisa. Kuna kamba ya kujirushia, kuna vijana wanaokodisha tairi za kuelea, na samaki wadogo wanaokudonoa miguu. Na hapa mambo yaligeuka. Marangu, wanangu walikuwa wageni wa kila kitu: baridi, miteremko, ng'ombe. Hapa binamu zao ndio walioganda ukingoni, maana watoto wa mlimani hawajui kuogelea. Wa katikati, yule mwenye haraka, alichukua zaidi ya saa nzima akimfundisha binamu yake kuelea, mkono chini ya mgongo, bila kumharakisha hata kidogo. Kijana wa tairi alikuja kuuliza kama yule ni mwalimu wa kuogelea.

Dada naye alikaa ukingoni, miguu majini, akanisimulia mambo ambayo hayasemwi kwa simu. Hayo si ya kuandikwa.

Tuliagana Boma Ng'ombe. Wao walirudi Moshi, sisi tukaelekea Arusha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Binamu yake baba watoto, mwenye gereji Ngarenaro, alitupeleka viwanja vya Themi, Njiro, kwenye maonyesho ya kanda ya kaskazini. Watu, vumbi, spika, mahindi ya kuchoma. Tulimwona fahali ambaye kitinda mimba hakuamini kwamba ni ng'ombe, mabwawa ya samaki, mboga zilizooteshwa kwenye viroba. Wanaume walichomoka kwenda kuswali Ijumaa, wakaturudia na mishikaki.

Jioni tulipita Mnara wa Saa. Wenyeji husema uko katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Baba watoto alianza kupima kwenye ramani ya simu. Nikamwambia awaachie watu mnara wao.

Jumamosi, 9 Agosti

Hifadhi ya Arusha, kwa Noah ya gereji. Waafrika Mashariki hulipa kiingilio kama wenyeji, kwa hiyo pasipoti zetu zilitoka tena, na malipo ni kwa simu au kadi, si fedha taslimu mkononi. Twiga walikuwa wengi kiasi kwamba watoto waliacha kuwahesabu. Mbega weupe kwa weusi msituni, nyati, kisha ukingo wa kreta ya Ngurdoto, ambayo hutazamwa kutoka juu tu. Kushuka ndani hairuhusiwi. Maziwa ya Momella yalikuwa na heroe, si wengi, lakini waridi yao ilionekana vizuri.

Simba? Hakuna. Hifadhi hii haina simba, na wa katikati alilichukulia jambo hilo kama dhuluma aliyofanyiwa yeye binafsi. Mimi niliipenda kwa sababu hiyo hiyo: unaweza kumwacha mtoto atoe kichwa.

Jumapili, 10 Agosti

Makumbusho ya Azimio la Arusha asubuhi, pale chama cha TANU kilipokutana Januari 1967 kabla Nyerere hajalitangaza Azimio Februari 5. Ukumbi ni mdogo. Shemeji wa gereji alisimama mbele ya picha muda mrefu, watoto wakamsubiri nje chini ya mnara wa Mwenge.

Mchana, Kenya na Morocco. Nyumba ilijaa majirani ambao sikuwajua, na wote walikuwa Wakenya kwa saa mbili. Kenya ilishinda 1–0, ikiwa na wachezaji kumi kipindi chote cha pili. Mzee mmoja wa mtaani alimbeba kitinda mimba begani kama kwamba yeye ndiye aliyefunga.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi, Holili, Taveta, Voi, nyumbani usiku. Mamangu alilipokea jani la sale kwa mikono miwili, akaomba simu, akaingia nayo chumbani.

Baba watoto amekwisha kuanza orodha ya mwaka ujao: Ndoro, Materuni, Ngorongoro. Amesema safari ijayo tulale lodge, ili tuwe huru. Nilimpelekea dada ujumbe huo kama ulivyo. Alijibu kwa sauti, nasi tukamsikiliza sote: "Lodge? Mwambie shemeji yangu, vitanda hivi nilimnunulia nani? Na Desemba msije, Wachaga wote wanarudi nyumbani, mtalala bandani na ng'ombe."

Kitinda mimba anauliza Desemba ni lini.